Zunguka jengo kabla ya kufungua jalada: namna ya kutafuta historia ya maktaba ya mji mdogo

Jiwe la msingi karibu na mlango lilikuwa limechongwa mwaka kwa tarakimu za urefu wa kiganja. Nikauamini. Nikauandika kwenye kijitabu cha kurasa 16 kuhusu jengo la maktaba, kikachapwa nakala 300. Miezi minne baadaye, nikipekua ankara za mkandarasi, nikakuta dai la malipo ya milango ya mbele lililoandikwa miaka miwili baada ya mwaka ule wa jiwe. Nyuma yake ilibanwa barua ya mkutubi akilalamika kwamba wasomaji bado wanahudumiwa kwenye chumba cha kupanga juu ya karakana. Jiwe halikudanganya, maana siku lilipowekwa ni hiyohiyo. Ila fedha ziliisha kuta zikiwa zimefika kwenye linta, na jengo likakaa bila paa. Zile nakala 300 nilizisahihisha kwa kalamu, moja baada ya nyingine.

Mimi ni mkadiriaji majenzi mstaafu. Kwa miaka 31 nilihesabu matofali, mbao na mifuko ya saruji kabla havijaguswa na fundi, na nilipostaafu nikajikuta nafanya kazi hiyohiyo kinyumenyume: naangalia jengo lililosimama, nauliza lilitoka wapi. Majengo ya maktaba ndogo nayapenda kuliko mengine kwa sababu yalijengwa kwa fedha za kubanabana, na kila shilingi iliyobanwa inaonekana ukutani. Ninayoeleza hapa ndiyo njia ninayoifuata sasa, baada ya makosa.

Zunguka nje kwanza

Wengi huanza na makabrasha. Mimi nasema uanze na jengo. Ukisoma kwanza kwamba upande wa mashariki ni wa zamani, utakwenda pale ukiwa umeshaamua cha kuona.

Beba daftari lisilo na mistari, penseli mbili, futi ya mita 5, tochi na kamera. Mweleze mkutubi unachotaka kufanya, maana mtu anayepima kuta za jengo la umma bila kujitambulisha hatakosa kuulizwa. Zunguka mara ya kwanza mikono mitupu. Mara ya pili chora jengo kama ndege anavyoliona kutoka juu, kila kona na kila dirisha. Mchoro ukiwa mbaya si kitu. Kamera inapiga usichokiona, lakini mkono hauwezi kuchora ambacho jicho halijakiona.

Mara ya tatu tafuta mshono. Ni nadra maktaba ya mji mdogo kubaki kama ilivyojengwa: vitabu huongezeka, chumba kikaongezwa nyuma, kisha kingine ubavuni. Pale ukuta mpya ulipoungana na wa zamani utaona mstari wa wima. Matofali ya upande mmoja hayashikani na ya upande wa pili, au rangi ya tofali inabadilika, au usawa wa msingi unaruka. Kwenye mchoro wako ipe sehemu unayodhani ni ya kwanza herufi A, inayofuata B, na kuendelea. Miaka usiandike bado.

Tazama pia mahali palipozibwa. Kwenye ile maktaba ya jiwe, ukuta wa kaskazini chini ya dirisha la tatu kulikuwa na mstatili wa matofali ya rangi iliyofifia zaidi, upana wake sentimita 96. Nikaandika “dirisha lililozibwa?” pamoja na alama ya kuuliza. Alama hiyo nitairudia.

Vifaa vya ujenzi vitakupa mipaka ya wakati, tarehe havikupi. Saruji ya Portland ilipata hataza Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin, lakini waashi waliendelea kujengea kwa chokaa miongo mingi baada ya hapo. Chokaa hukwaruzika kwa ncha ya msumari, saruji hugoma. Ukuta wa chokaa wenye viraka vya saruji ngumu umeshatengenezwa mara moja au zaidi, na mara nyingi utakuta matofali jirani na viraka yanamenyeka uso. Unyevu uliokuwa ukitokea taratibu kwenye chokaa umezibiwa njia, sasa unatokea kwenye tofali lenyewe. Misumari nayo ina lake: Marekani, misumari iliyokatwa kutoka bamba la chuma, yenye mguu wa pembe nne, ilipitwa na misumari ya waya ya mviringo kwenye miaka ya 1890. Kioo chenye mawimbi, kile kinachofanya mti wa nje uonekane umepinda, kina uwezekano mkubwa wa kuwa cha kabla ya mbinu ya kukifanya kioo kielee juu ya bati iliyoyeyushwa, ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959. (Atakayekuambia kwamba kioo cha zamani ni kinene upande wa chini kwa sababu kimetiririka kwa miaka, msikilize kwa adabu tu. Kioo cha dirisha hakitiririki. Vipande havikutoka na unene sawa kiwandani, na fundi aliviweka alivyoona.)

Usikwangue rangi wala kutoboa dari ili “kuona chini yake kuna nini”. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vigae vya dari au vifuniko vya mabomba vinaweza kuwa na asbesto. Piga picha, basi.

Ndani: alikuwa amekaa wapi mkutubi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Ukishajua mkutubi alikaa wapi na alikuwa akiona nini kutoka pale, umeujua mpango mzima wa jengo.

Maktaba nyingi za karne ya 19 hazikumruhusu msomaji agusane na rafu. Alisimama kaunta, akataja kitabu, mhudumu akaenda kukileta. Uingereza desturi hiyo ilianza kuvunjwa mwaka 1894, pale James Duff Brown alipofungua rafu kwa wasomaji katika maktaba ya Clerkenwell, London. Wenzake wengi walimpinga, wakihofia wizi na vurugu. Mabishano yale yanaonekana kwenye sakafu. Jengo la rafu zilizofungwa lina kaunta ndefu inayokata chumba, na vitabu viko nyuma yake kama bidhaa za stoo. Jengo la rafu zilizo wazi lina meza ya mkutubi katikati au karibu na mlango, rafu zimepangwa ukutani, na hakuna kona ya kujificha. Jengo lililoanza hivi likageuzwa vile lina makovu: mstari kwenye sakafu mahali kaunta ilipokuwa, au mbao zilizolika nusu duara pale maelfu ya watu waliposimama kungoja.

Mtu aliyeathiri mpango huu kuliko wasanifu wengi ni karani. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyezaliwa Dunfermline, Scotland, mwaka 1835, aligharimia maktaba 2,509 duniani, 1,689 kati ya hizo zikiwa Marekani. Ya kwanza ilifunguliwa mji huohuo wa Dunfermline mwaka 1883. Barua za maombi zilipita mikononi mwa katibu wake, James Bertram, na Bertram alichoshwa na miji iliyotumia fedha kwenye nguzo, kuba na kumbi za kuingilia huku vitabu vikikosa nafasi. Mwaka 1911 akachapisha kijitabu cha maelekezo, akawa anakituma kwa miji iliyokubaliwa. Alitaka jengo la mstatili, ghorofa moja juu ya chumba cha chini ambacho nusu yake iko ardhini, na mtu mmoja aweze kusimamia chumba chote akiwa amekaa. Madirisha ya pembeni na ya nyuma alishauri yaanzie kama futi 6 kutoka sakafuni, ukuta chini yake ubaki kwa rafu. Kwa hiyo ukiingia maktaba ndogo ya wakati ule ukashangaa kwa nini huoni nje ukiwa umekaa, jibu ni rafu. Hata miji ambayo haikupata senti ya Carnegie iliiga mpango huo, maana wasanifu walikuwa walewale.

Sasa inama, angalia sakafu. Vitabu ni vizito kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za ujenzi zinazotumika Marekani hutaka sakafu ya chumba cha rafu ibebe pauni 150 kwa kila futi ya mraba, wakati chumba cha kusomea hutosheka na 60, yaani zaidi ya mara mbili. Ikiwa kuna chumba cha chini, shuka na tochi uone mihimili kutokea huko. Pale ilipokaribiana ndipo msanifu alipotarajia rafu. Pale ilipoachana, lakini leo pamejaa rafu na sakafu imebonyea, pana historia ya mji uliohamisha vitabu bila kumuuliza mhandisi. Niliwahi kuweka gololi sakafuni mbele ya wajumbe wa kamati ya maktaba. Ilibingirika yenyewe hadi kwenye rafu za kamusi, na baada ya hapo hawakubishana nami tena kuhusu kilichokuwa chumba cha kusomea.

Fuata fedha, magazeti baadaye

Magazeti yanapenda sherehe. Yatakupa nani alihutubia, nani alikata utepe, bendi gani ilipiga. Yatakunyima nani alilipa na nani aligoma kulipa. Kwa hiyo mimi huanza na mihtasari ya vikao vya halmashauri na vitabu vya hesabu, kisha ndipo nayasoma magazeti kuziba mapengo.

Ujue kwanza sheria iliyoruhusu fedha hizo, kwa sababu sheria huchonga jengo. Sheria ya Maktaba za Umma ya Uingereza ya mwaka 1850 iliruhusu miji yenye zaidi ya watu 10,000 kutoza kodi ya nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya mali, na fedha hizo zilikuwa za jengo na watumishi. Vitabu havikuruhusiwa kununuliwa nazo! Wabunge walitarajia vitatolewa bure na wahisani. Mwaka 1855 kiwango kikapanda hadi peni moja na vitabu vikaruhusiwa, na peni hiyo ikabaki kuwa kikomo hadi 1919. Ukikuta maktaba ya Uingereza ya wakati ule ina jengo la fahari na rejesta nyembamba ya vitabu, usimlaumu mkutubi.

Carnegie naye alikuwa na masharti. Mji utoe kiwanja, na uahidi kila mwaka kutenga asilimia 10 ya fedha alizotoa kwa ajili ya kuendesha maktaba. Iliyopewa dola 10,000 ilipaswa kutenga 1,000 kila mwaka, daima. Miji mingine ilikataa msaada kwa sababu ya sharti hilo, na mingine ilikubali ikashindwa kutimiza. Ikiwa maktaba yenu ni miongoni mwa hizo, kumbukumbu za shirika la Carnegie Corporation zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na ndani yake mna barua za miji midogo zikibembeleza, zikijitetea, na Bertram akizijibu kwa sentensi mbili.

Kusoma mihtasari kunahitaji ujanja kidogo. Usitafute neno “maktaba” peke yake. Tafuta “paa”, “makaa”, “bomba”, “rangi”, “ngazi”, “bima”. Tafuta wiki zinazotangulia bajeti, kwa sababu hapo ndipo mkutubi aliandika barua za kuomba, na barua za kuomba hueleza hali ya jengo bila kupamba. Paa linalovuja nimelikuta katika kila maktaba niliyoifuatilia, bila kukosa moja. Lifuate hilo paa: kila lilipotengenezwa kuna ankara, ankara ina jina la kazi na kiasi cha vifaa, na kiasi cha vifaa kinakuambia ukubwa wa paa wakati ule. Niliwahi kugundua mwaka wa kuongezwa chumba B kwa kulinganisha idadi ya vigae katika ankara mbili. Hakuna mtu aliyekuwa ameandika popote kwamba chumba kimeongezwa.

Hati ya kiwanja usiiache. Isome yote, hadi masharti ya mwisho yenye herufi ndogo. Wahisani wengi walitoa ardhi kwa sharti kwamba ikiacha kuwa maktaba irudi kwa familia. Sharti kama hilo hueleza kwa nini mji umeng’ang’ania jengo lisilotosha badala ya kuhama.

Kwa miji ya Marekani kuna hazina nyingine: ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, zilizoanza mwaka 1867. Wachoraji wake walipita mji kwa mji wakichora kila jengo, ili kampuni za bima zijue hatari ya moto bila kufika. Rangi ya waridi ni matofali, njano ni mbao, buluu ni mawe. Mabadiliko yalipotokea, kampuni ilituma vipande vya karatasi vya kubandika juu ya ramani ya zamani, kwa hiyo ukiishika ramani yenyewe unaweza kuhisi kwa kidole mahali jengo lilipoongezwa. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka nyingi kwenye intaneti. Canada na Uingereza kazi kama hiyo ilifanywa na kampuni ya Charles E. Goad.

Kisha kuna rejesta ya kuingizia vitabu, ile yenye namba, tarehe, jina la kitabu na bei. Wanahistoria wa majengo huipuuza. Ndiyo iliyoniokoa. Nilipotaka kujua ni lini hasa wasomaji walihamia kwenye jengo la lile jiwe, mihtasari ilinyamaza na magazeti mawili yalipishana kwa wiki tatu. Rejesta ilikuwa na kitabu kipya karibu kila siku, mwaka mzima, kisha ghafla siku 19 tupu. Baada ya pengo wino ni mwingine, na pembeni mtu ameandika kwa penseli “rafu mpya, unyevu bado”. Maneno manne yale yalinifurahisha kuliko hotuba yote ya ufunguzi.

Ukiwa kwenye chumba cha nyaraka tumia penseli, kamwe si kalamu ya wino. Mikono iwe safi na mikavu. Andika namba ya jalada na ukurasa kabla ya kunakili chochote. Utajiambia utakumbuka. Hutakumbuka.

Michoro ya buluu

Siku moja mtu atakuletea bomba la karatasi ngumu lililokuwa juu ya kabati, na ndani yake mna michoro ya msanifu: mistari myeupe juu ya buluu. Usiikunjue kwa nguvu. Mbinu hiyo ya uchapaji ilitokana na uvumbuzi wa John Herschel wa mwaka 1842, na ofisi za wasanifu ziliitumia tangu miaka ya 1870 hadi katikati ya karne ya 20. Buluu yake hufifia kwenye mwanga na huharibiwa na alkali, kwa hiyo zile karatasi maalumu za kuhifadhia nyaraka zilizotiwa alkali, ambazo ni nzuri kwa barua, kwa michoro hii ni sumu. Ikunjue taratibu, ibane kwa vitabu vyepesi vilivyofungwa kitambaa, ipige picha mbali na jua, irudishe gizani. Utepe wa gundi usiuguse hata mchoro ukiwa umepasuka vipande viwili.

Kisha beba picha hizo uende nazo kwenye jengo. Mchoro ni nia ya mtu. Jengo ndilo lililotokea. Palipotofautiana ndipo fedha zilipokata au fundi alipokataa. Mchoro mmoja nilioushika ulionesha nguzo nne mbele. Jengo lina mbili.

Picha na postikadi

Picha za maktaba ndogo hupigwa mbele, na tena siku ya jua. Pande nyingine hazina wapenzi. Ukuta wangu wa kaskazini sikuupata katika picha hata moja kati ya 43 nilizokusanya.

Postikadi isiyo na tarehe ina siri nyuma yake. Zamani upande wa nyuma wote ulikuwa wa anwani, na mtu aliyetaka kuandika salamu aliziandika pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 upande wa nyuma ugawanywe, nusu ujumbe nusu anwani. Marekani iliruhusu Machi 1907. Postikadi ya Marekani isiyo na mgawanyo nyuma, basi, kwa kawaida ilichapwa kabla ya hapo. Muhuri wa posta unakupa siku kadi ilipotumwa, ila duka linaweza kuuza shehena ileile miaka kumi, kwa hiyo muhuri unakuambia tu kwamba picha si ya baada ya siku hiyo. Na uwe mwangalifu: wachapaji walifuta nyaya za simu, wakaongeza bendera na mawingu, na kadi nyingine zilichapwa kutokana na mchoro wa msanifu kabla ya tofali la kwanza. Nguzo nne zile nimeziona kwenye postikadi pia.

Watu, na wale waliozuiwa mlangoni

Usianze na mwenyekiti wa kamati. Anza na aliyekuwa akifagia. Mfagiaji anajua mlango upi hukwama mvua ikinyesha, bomba lipi liliwahi kupasuka, na vitabu vilivyolowa vilitupwa wapi.

Swali la “unakumbuka nini kuhusu maktaba?” huleta majibu ya heshima yasiyo na kitu. Mpe mzee karatasi, umwambie, “Hebu ingia mlangoni. Mkono wako wa kulia kuna nini?” Mwache achore. Usimsahihishe hata akikosea, kwa sababu ukimsahihisha mara moja ataanza kukuchungulia usoni kabla ya kujibu. Mzee mmoja aliniambia aliingia kwa mlango wa watoto, na ngazi zilikuwa za kushuka. Nikamuuliza mlango huo ulikuwa wapi. “Nyuma,” akasema, akaonesha kwa kidole gumba juu ya bega lake. Nyuma ya jengo hapakuwa na dalili yoyote ya mlango. Nikaandika alivyosema, nikaongeza “haijathibitika”.

Uliza pia nani hakuingia. Swali hili huwakera watu, na bado ni sehemu ya historia ya jengo, kwa sababu milango, ngazi na vyumba vilipangwa kwa kumfikiria mtu fulani. Maktaba ya ukumbusho ya McMillan, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilianza kwa kuhudumia Wazungu pekee. Louisville, Kentucky, watu weusi walipewa tawi lao mwaka 1905, likaanzia kwenye nyumba ya kupanga kabla ya kupata jengo lake kwa fedha za Carnegie mwaka 1908, chini ya Thomas Fountain Blue, mkutubi mweusi aliyegeuza pale kuwa shule ya kufundishia wakutubi weusi wa miji mingine. Katika mji wenu huenda kizuizi hakikuandikwa popote. Huenda kilikuwa ada ya dhamana, au ngazi kumi na mbili mbele ya mtu asiyeweza kupanda. Kibali cha kujenga njia ya mteremko kwa viti vya magurudumu kina tarehe. Iweke kwenye orodha yako sawa na tarehe ya ufunguzi.

Jengo moja, tarehe saba

Kabla ya kuandika aya ya kwanza, chukua karatasi moja, uandike mistari saba: siku mji ulipoamua, siku kiwanja kilipopatikana, siku michoro ilipoidhinishwa, siku ya jiwe la msingi, siku fundi alipokabidhi, siku msomaji wa kwanza alipohudumiwa, siku ya sherehe. Mbele ya kila mstari andika ushahidi wako na namba ya jalada. Mistari mingine itabaki mitupu, iache hivyo. Vyanzo vinapogombana kuhusu “mwaka wa kujengwa”, mara nyingi hakuna aliyekosea, ila kila kimoja kinasema mstari tofauti.

Na maktaba yenyewe yaweza kuwa na umri mkubwa kuliko jengo. Peterborough, New Hampshire, mji mdogo kabisa, ulianzisha mwaka 1833 maktaba ya bure inayolipiwa na kodi, inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake Marekani, na vitabu vyake havikuanza kwa kuwekewa jengo la fahari. Kwa hiyo swali la ziada: kabla ya kuta hizi, vitabu vilikaa wapi? Juu ya karakana, kwa upande wetu.

Kuandika na kukabidhi

Hapa sina mengi. Andika kwa kufuata herufi za mchoro wako, A, kisha B, kisha C, na ndani ya kila herufi ueleze nani alitaka, nani alilipa, nani alijenga na nini kiliharibika. Pale unapokisia, tumia neno “huenda” na useme unakisia kwa msingi gani. Majina ya watu walio hai uliza kabla ya kuyachapa. Chapa nakala chache, maana utasahihisha. Mimi sasa nachapa 40.

Nakala moja ikae maktabani pamoja na bahasha ya picha, kila picha ikiwa na maelezo nyuma yake kwa penseli laini, na mchoro wako wa mkono hata kama una aibu. Acha na njia ya watu kukupata.

Toleo langu la pili lilikaa rafuni wiki mbili. Kisha mkutubi akanipigia simu: “Mzee wangu, hebu njoo. Kuna bibi hapa amesoma ukurasa wa tisa, anasema lile si dirisha.” Bibi alikuwa na ufunguo ndani ya kitambaa. Mama yake aliwahi kuwa msafishaji wa maktaba. Kwenye kibati kilichofungwa kwa uzi palikuwa pamegongwa neno moja, WATOTO. Nikamuuliza mlango huo ulikuwa wapi, akanitoa nje, akanizungusha hadi ukuta wa kaskazini, akasimama mbele ya dirisha la tatu. Kwa mtu aliyekuwa akija maktaba kutokea shuleni, huko ndiko nyuma.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa nimepiga magoti pale na koleo dogo na futi, kibali cha mkutubi mfukoni, nikitafuta kizingiti. Kilikuwa sentimita 22 chini ya udongo, jiwe moja zima, limelika katikati.